Jimu Imejaa, Mfuko Mtupu: Masomo kwa Wenye Kumbi za Mazoezi Mtaani

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu za Mtwapa hazijaanza kupigania abiria wa Mombasa, taa ya jimu huwa tayari imewaka. Mwenyewe amefungua kufuli, amewasha feni na kufagia mchanga ulioletwa na viatu vya jana. Wateja wa kwanza ni wale wanaowahi kazini: mwalimu, askari, mpishi wa hoteli. Saa tatu usiku mtu yuyo huyo ndiye anayefunga mlango. Katikati ya saa hizo kumi na sita amekuwa mkufunzi, mweka hazina, fundi, mfagizi na mlinzi. Mwisho wa mwezi anapotoa hesabu, anabakiwa na shilingi elfu chache ambazo hata karo ya mtoto hazitoshi.

Wakazi wengi wa miji ya kaunti, kuanzia Mtwapa, Kilifi na Watamu hadi Malindi na Mariakani, wanazijua jimu za aina hii. Si za hoteli wala za kampuni kubwa. Ni chumba au banda la mtu mmoja aliyependa mazoezi, akachanga akiba yake, akamwendea fundi wa jua kali amchomelee mabenchi, akafungua. Jimu hizi zina faida kubwa kwa afya ya watu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Jimu ya mtaani ndipo mahali ambapo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuyatimiza hayo bila nauli.

Lakini kupenda mazoezi ni jambo moja, na kuendesha biashara ya mazoezi ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza masomo manane ambayo mwenye jimu, au anayefikiria kufungua, anaweza kuyatumia ili biashara isimle yeye na nyumba yake.

SOMO LA KWANZA: HESABU KABLA YA MISULI

Kosa la kwanza la wengi ni kuhesabu vichwa badala ya kuhesabu pesa. Jimu ikijaa jioni, mwenyewe huamini mambo yako sawa. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, wala si ya jimu fulani, lakini inaonyesha jinsi ukumbi uliojaa unavyoweza kumwacha mwenyewe bila kitu.

Jimu ina wanachama 80, kila mmoja analipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 160,000. Matumizi ya mwezi ni haya:

- Kodi ya nyumba: 45,000
- Mishahara ya mkufunzi mmoja na mfanyakazi wa usafi: 44,000
- Mchango wa mwajiri kwa NSSF (asilimia 6) na ushuru wa nyumba (asilimia 1.5): 3,300
- Mkopo wa mashine: 20,000
- Stima: 14,000
- Matengenezo: 8,000
- Maji: 5,000
- Akiba ya leseni na bima: 5,000
- Kodi ya mauzo ya KRA (asilimia 3): 4,800
- Sabuni, dawa za usafi na karatasi: 4,000
- Simu na intaneti: 3,000

Jumla ni shilingi 156,100. Kinachobaki ni 3,900. Hicho ndicho mshahara wa mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku kwa mwezi mzima.

Hesabu hiyo inafundisha jambo moja muhimu. Matumizi yote yasiyokuwa kodi ya mauzo ni shilingi 151,300. Kila mwanachama anayelipa 2,000, baada ya kutoa asilimia 3 ya kodi, anaacha 1,940. Ukigawanya, unapata kwamba wanachama 78 wa kwanza wote wanalipia nyumba, stima, wafanyakazi na mkopo. Mwenye jimu anaanza kula kwa mwanachama wa 79. Akiwa na 80, ana watu wawili tu wanaomlisha.

Kila mwenye jimu anapaswa kuijua namba yake hiyo kama anavyojua uzito anaoweza kuinua. Na katika orodha ya matumizi anapaswa kuandika mshahara wake mwenyewe. Mtu ambaye biashara yake inalipa kila mtu isipokuwa yeye bado hajui kama biashara hiyo inasimama au inaanguka.

SOMO LA PILI: BEI ISIOGOPWE

Kwa mfano uleule, mwenye jimu anataka apate mshahara wa shilingi 40,000. Akibaki na bei ya 2,000, atahitaji wanachama 99. Hao ni watu 19 zaidi katika chumba ambacho jioni tayari watu wanasubiriana kwenye benchi. Akipandisha bei hadi 2,500, kila mwanachama anaacha 2,425 baada ya kodi, na wanachama 79 wanatosha.

Hofu ya kila mmoja ni kwamba wateja watakimbia. Hofu hiyo nayo ihesabiwe. Tuseme wanachama 15 wanaondoka na kubaki 65. Watu 65 mara 2,425 ni shilingi 157,625. Ukitoa matumizi ya 151,300, zinabaki 6,325. Bado si nyingi, lakini ni zaidi ya zile 3,900 za mwanzo, na chumba kina nafasi, vyuma vinachakaa polepole, na mkufunzi ana muda wa kumsaidia kila mtu.

Hii haimaanishi bei ipandishwe kila mara. Mtaa una uwezo wake, na jimu ya jirani ipo. Maana yake ni kwamba bei iwekwe kwa hesabu, si kwa kuangalia tu bango la mwenzako. Tena ipandishwe kwa adabu: tangazo la mwezi mmoja au zaidi, sababu ielezwe, na wanachama wa siku nyingi wapewe muda wa kujipanga. Mzee anayekuja kwa ajili ya magoti yake anaweza kuuliza, "Kijana wangu, kwani vyuma vimeongezeka uzito?" Jibu la kweli linatosha: "La, mzee wangu. Kilichoongezeka uzito ni kodi ya nyumba na stima." Mteja akielezwa ukweli mara nyingi huelewa. Anachochukia ni kushtukizwa mlangoni.

Jambo jingine ni bei ya urafiki. Binamu, jirani na mwanafunzi mwenza wa zamani wote hutaka kuingia bure. Mwenye jimu aamue mapema idadi ya nafasi za bure, aziandike, na zikijaa zimejaa. Nafasi hizo ni heri zikapewa kijana wa mtaani mwenye kipaji asiyeweza kulipa, kuliko mtu mwenye mshahara anayeona haya kuulizwa ada.

SOMO LA TATU: PESA YA MWAKA SI FAIDA YA LEO

Mwezi wa Januari watu huja na nia mpya. Baadhi hulipa mwaka mzima kwa bei ya punguzo, tuseme shilingi 18,000. Watu kumi wakilipa hivyo, mwenye jimu anashika 180,000 kwa siku chache, na hapo ndipo mtego ulipo.

Fedha hizo bado ni deni. Kila mwezi jimu inapotoa huduma, shilingi 1,500 za kila mmoja zinakuwa halali yake. Zilizobaki ni amana ya mteja. Mwenye jimu akizitumia zote Februari kununua pikipiki au kuezeka nyumba, itafika Agosti watu kumi wanafanya mazoezi, wanatumia maji na stima, na hakuna hata mmoja anayeleta senti. Jimu kadhaa hufungwa kwa njia hii, na wateja hubaki na risiti mkononi.

Dawa yake ni akaunti mbili. Malipo ya muda mrefu yaingie kwenye akaunti ya akiba, na kila mwezi sehemu ya mwezi huo tu ihamishwe kwenye akaunti ya matumizi. Vilevile biashara iwe na namba yake ya till, tofauti na simu ya nyumbani. Ada ikiingia kwenye simu ileile inayonunua unga na kutumia mama pesa za dawa, hakuna daftari litakalojua ukweli.

SOMO LA NNE: KALENDA YA PWANI

Biashara ya mazoezi ina misimu, na misimu ya Pwani ina sura yake. Januari huleta wageni wengi wa jimu, lakini pia ndio mwezi wa karo. Aprili hadi Juni kuna mvua za masika na upepo wa kusi. Hoteli za Watamu na Malindi hupungukiwa na watalii, na wafanyakazi wao, ambao ni wateja wa jimu, hupelekwa likizo au kukatiwa siku za kazi. Desemba wengine husafiri kwao.

Mwezi wa Ramadhani nao una mpango wake. Mteja aliyefunga hawezi kuinua chuma saa tisa mchana kwenye joto. Wengine hupendelea kufanya mazoezi mepesi kabla ya futari, wengine huja baada ya tarawehe. Jimu inayobadilisha saa zake mwezi huo, ikafungua kwa kuchelewa usiku na kupunguza saa za mchana, huwabakiza wateja wake na huokoa stima. Inayong'ang'ania ratiba ya kawaida huwapoteza, na wengine hawarudi hata baada ya Idi.

Kwa sababu misimu inajulikana, upungufu wake usimshangaze mtu. Kila mwezi mzuri, sehemu ya mapato iwekwe hadi ifikie angalau matumizi ya miezi mitatu. Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, jimu nyingi zilifunga milango huku kodi ya nyumba ikiendelea kudaiwa. Waliokuwa na akiba walipata muda wa kufikiri, na wasiokuwa nayo waliuza vyuma kwa bei ya chuma chakavu.

Msimu wa upungufu pia ni wakati wa kuwatafuta waliopotea. Kumrudisha mtu aliyekwisha kuijua jimu ni rahisi kuliko kumpata mgeni. Daftari la mahudhurio linatosha: mwanachama asipoonekana kwa wiki mbili, apigiwe simu. Asiulizwe ada kwanza. Aulizwe hali. Mara nyingi utasikia mgongo ulimuuma, zamu ya kazi ilibadilika, au aliona haya kwa sababu hakujua kutumia mashine. Mambo hayo yote yanatatulika.

SOMO LA TANO: CHUMVI YA BAHARI HAINA HURUMA

Vyuma vya Pwani vina adui ambaye wenzao wa bara hawamjui sana. Hewa yenye chumvi na unyevu hula chuma haraka, hasa kwenye viungo vilivyochomelewa, kwenye waya za mashine na kwenye skrubu. Kutu huanzia ndani mahali macho hayafiki, na siku waya inapokatika, uzito huanguka pamoja na mtu.

Kwa hiyo matengenezo yasisubiri kitu kivunjike. Kila siku jasho lifutwe kwa kitambaa kikavu, maana jasho nalo ni chumvi. Kila wiki waya, skrubu na mishono ya mabenchi ikaguliwe, na sehemu zinazosugua zitiwe mafuta. Kila baada ya miezi michache kutu isuguliwe na chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kifaa kibovu kitolewe ukumbini au kifungwe kabisa na kuwekwa kibao. Kumwambia mteja "kitumie polepole" si matengenezo.

Katika ununuzi, kanuni ni moja: foleni ndiyo inayonunua mashine. Mashine ya kukimbilia ya umeme inapendeza machoni, lakini ina mota, inakula stima na fundi wake ni wa kutafutwa. Kama jioni watu watano wanasubiri benchi na dambeli za kilo kumi huku mashine ya kukimbilia ina mtu mmoja, basi kinachohitajika ni benchi na dambeli. Fundi wa jua kali wa karibu anaweza kutengeneza mabenchi na vishikio imara kwa bei nafuu, mradi apewe vipimo na kazi ikaguliwe kabla ya mtu kuilalia. Mkopo uchukuliwe kwa kifaa ambacho tayari kina wateja wa kukilipia. Usichukuliwe kwa matumaini kwamba kifaa kitawaleta.

SOMO LA SITA: NYUMBA, LESENI NA KODI

Mtu anayepigilia mashine sakafuni na kuweka vioo ukutani amewekeza katika nyumba ya mwenzake. Mkataba wa kupanga uandikwe kabla ya msumari wa kwanza. Ueleze muda, kodi na jinsi itakavyopanda, nani anatengeneza paa, na kama mpangaji ataruhusiwa kung'oa vifaa vyake akiondoka. Wapangaji wengi wa biashara ndogo hawajui kwamba Sheria ya Kenya, Sura ya 301, huwalinda wale ambao hawana mkataba wa maandishi au ambao mkataba wao hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji wa aina hiyo au kumwongezea kodi anatakiwa kutoa notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji asiyekubali anaweza kwenda kwa Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Neno la mdomo au kufuli jipya mlangoni halitoshi.

Sehemu yenyewe nayo ichaguliwe kwa makini. Chuma kinachodondoshwa ghorofa ya pili saa kumi na moja alfajiri ni ugomvi na jirani wa chini. Ghorofa ya chini, sakafu ya zege na mikeka minene ya mpira huepusha malalamiko mengi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kusimamia biashara na kutoa leseni. Leseni ya biashara hulipiwa kila mwaka kwa kiwango kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Mwenye jimu aulize pia katika afisi ya biashara iliyo karibu kuhusu ukaguzi wa afya ya umma, vifaa vya kuzima moto na malipo ya bango. Kama muziki unapigwa kwa wateja, kuna leseni ya mirabaha ya wanamuziki inayotolewa na mashirika yaliyoidhinishwa na KECOBO. Gharama hizi zikigawanywa kwa miezi 12 na kuwekwa kando, hazitishi. Zikikutwa zote Januari, hugeuka balaa.

Kwa upande wa KRA, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kodi hii hutozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Ndiyo maana bei isipopangwa vizuri, mtu anaweza kulipa kodi hali anapata hasara.

SOMO LA SABA: ANAYEINUA CHUMA NI BINADAMU

Mteja mpya anapoingia, jambo la kwanza lisiwe ada. Aulizwe maswali machache na majibu yaandikwe: je, amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu? Huhisi maumivu ya kifua au kizunguzungu? Ana kisukari, pumu au jeraha la zamani? Ni mjamzito? Anatumia dawa? Mwenye jibu la ndiyo ashauriwe apimwe kwanza katika zahanati au kituo cha afya. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa vya kupimia presha na sukari wanaweza kusaidia hatua ya mwanzo. Dakika kumi za maswali zinaweza kumwepusha mtu na mauti, na zinaweza kuiokoa biashara pia.

Jimu iwe na sanduku la huduma ya kwanza lililojaa, na angalau mtu mmoja kila zamu aliyepata mafunzo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. Namba za dharura 999 na 112 ziandikwe ukutani pamoja na simu ya hospitali ya karibu. Maji ya kunywa yawepo, maana joto la Machi si la kuchezea.

Majibu ya afya ya mteja ni siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na daftari hilo lisiachwe mezani likasomwa na kila mpita njia. Picha nazo ni vivyo hivyo. Mwenye jimu hufurahi kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyepungua kilo ishirini, lakini bila idhini ya mwenye picha hilo ni kosa. Afisi ya Kamishna wa Data imewahi kutoza faini biashara zilizochapisha picha za watu bila ruhusa yao.

Kuna pia biashara ya gizani ya sindano na vidonge vya kukuza misuli. Huuzwa kwa kunong'onezana, na faida yake humvutia mtu aliyebakiwa na shilingi 3,900. Dawa hizo zinaweza kuharibu ini, moyo na uwezo wa kuzaa, na Kenya ina Sheria ya Kupambana na Matumizi ya Dawa Haramu Michezoni ya mwaka 2016. Jimu inayoruhusu jambo hilo mara moja huwa imejiuzia jina lake.

Mwisho katika somo hili ni heshima kwa wanawake. Wanawake wengi wangependa kufanya mazoezi lakini huogopa macho na maneno. Saa maalumu za wanawake, mkufunzi wa kike, mahali salama pa kubadilisha nguo na kanuni ya kumfukuza anayesumbua, hata akiwa mteja mkubwa, ni haki yao. Ni biashara pia: saa tatu asubuhi hadi saa sita, wakati ukumbi huwa mtupu, ndiyo saa ambayo kina mama wengi wana nafasi.

SOMO LA NANE: NA MWENYEWE APUMZIKE

Saa 16 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 96. Hakuna mkufunzi anayeweza kumwekea mteja wake ratiba kama hiyo bila mapumziko, kwa sababu anajua misuli hukua wakati wa kupumzika. Lakini wenye jimu wengi hujifanyia wenyewe jambo ambalo wasingemruhusu mteja kulifanya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Makato ya NSSF, ya afya ya SHIF na ya ushuru wa nyumba yapelekwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Hayo yote ni ya mfanyakazi. Lakini hakuna sheria inayomlinda mwenye biashara dhidi yake mwenyewe. Hiyo lazima ajitungie.

Gharama ya kutojitungia sheria hiyo huonekana nyumbani kwanza. Mke anaweza kusema usiku, kwa sauti ya utani isiyo ya utani, "Baba watoto, huyu mtoto ameuliza kama leo unalala kwetu au jimu." Baadaye huonekana mwilini: usingizi wa saa nne, chakula cha kusimama, presha iliyopanda kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha wengine afya. Mwisho huonekana kwenye biashara, kwa sababu mkufunzi aliyechoka haoni benchi lililolegea wala mteja anayeshika kifua.

Njia ya kutoka huanza na ratiba. Daftari la mahudhurio litaonyesha kwamba wateja wengi huja alfajiri hadi saa mbili na tena jioni kuanzia saa kumi na moja. Mchana jimu inaweza kufungwa, au kuachwa kwa mkufunzi mmoja. Mwenyewe achague zamu moja iwe yake, nyingine iwe ya mfanyakazi aliyefunzwa na kuaminiwa. Funguo la pili likabidhiwe mtu. Mambo ambayo yeye peke yake anayajua, kama vile jinsi ya kufungua till, fundi wa kumwita na wapi pa kuzima stima, yaandikwe kwenye karatasi moja. Biashara isiyoweza kukaa siku moja bila mwenyewe haijawa biashara bado. Ni kibarua chenye bango.

ZOEZI LA MWEZI MMOJA

Mwenye jimu anayetaka kuanza anaweza kufanya haya kwa wiki nne:

Wiki ya kwanza: aandike matumizi yote, pamoja na mshahara wake, kisha atafute namba ya wanachama inayolipia kila kitu.

Wiki ya pili: atenganishe pesa. Till ya biashara, akaunti ya akiba, na daftari linalojazwa kila usiku.

Wiki ya tatu: akague kila waya, skrubu na mshono. Kibovu kitolewe. Fomu ya maswali ya afya ianze kutumika kwa kila mgeni, na waliopo wajaze pia.

Wiki ya nne: achague siku moja ya kupumzika na amkabidhi mtu funguo. Siku hiyo asiende jimu hata kuchungulia.

Baada ya hapo, arudie hesabu kila mwezi. Akiba ya miezi mitatu haitajaa kwa siku moja, wala kutu ya miaka haitasuguliwa kwa asubuhi moja. Wateja wake wanalijua hilo kutokana na mazoezi yenyewe: aliyeanza na kilo tano akavumilia, baada ya mwaka huinua ishirini. Chuma hakijapungua uzito, yeye ndiye aliyejifunza kukibeba.